Jiwe moja, tarehe mbili: kusoma mgongano wa mabara ndani ya majiwe ya Kongo

Wadogo zangu wa unif, nanyi wenzangu mliokwisha kupata diploma, kuna swali moja ambalo mtu wa jiolojia anaulizwa kila mahali, nyumbani, kwenye basi, hata baada ya misa: "Hili jiwe liko na miaka ngapi?" Muulizaji anangoja namba moja. Siku hizi mimi najibu kwa swali: miaka tangu nini? Tangu lava yake ilipoganda? Tangu lilipozamishwa chini na kupikwa upya? Ao tangu lilipopanda juu na kupoa? Siyo ujanja wa kukwepa jibu. Jiwe lililopitia mgongano wa mabara linaweza kubeba tarehe tatu ao nne, zote za kweli, na kazi yote iko katika kujua kila tarehe ni ya tukio gani.

Nitaeleza kwa kutumia jiwe letu wenyewe. Mwaka 2018, Camille François, pamoja na Vinciane Debaille, Jean-Louis Paquette, Daniel Baudet na Emmanuelle Javaux, walitoa makala katika jarida la Scientific Reports kuhusu jiwe la hapa Kongo, kutoka bloku ya Kasai. Jiwe hilo ni la aina inayoitwa eklojiti. Walilipa tarehe mbili. Ya kwanza, miaka milioni 2216, ni ya kuzaliwa kwake. Ya pili, miaka milioni 2089, ni ya kupikwa kwake chini sana ya ardhi. Waliandika kwamba kati ya eklojiti za namna hiyo, zile zilizopikwa kwa shinikizo kubwa na joto dogo, hilo ndilo la zamani kuliko yote yaliyojulikana duniani wakati ule. Duniani, ndugu zangu, siyo Afrika tu. Nimeuliza wenzangu wengi kama wamelisikia. Waliosema ndiyo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sisi tunajua bei ya kobalti ya jana jioni, lakini jiwe kama hilo linapita hivi hivi.

Eklojiti ni nini? Chukua basalti, jiwe jeusi la volkeno, ndugu wa lile ambalo watu wa Goma wanatembea juu yake kila siku. Lisukume chini, zaidi ya kilomita 50. Watu wengi wanafikiri litayeyuka. Hapana. Linabaki gumu, lakini atomu zake zinaanza kujipanga upya kwa sababu nafasi imekuwa ndogo. Madini yanayochukua nafasi kubwa yanavunjika, na mahali pake yanazaliwa madini yaliyobanana. Basalti iko na uzito wa gramu 3 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Eklojiti inakaribia 3,5. Na ni jiwe zuri kulitazama: punje nyekundu za garneti ndani ya madini ya kijani yanayoitwa omfasiti. Mageuzi hayo, bila kuyeyuka, ndiyo tunaita metamofizimu. Ni kama tofali la udongo ndani ya tanuru: udongo ni uleule, lakini ukilitoa si kitu kilekile tena.

Sasa, kilichowashangaza wataalamu siyo kina peke yake. Ni baridi. Madini ya jiwe la Kasai yanaonyesha shinikizo la kilobari 17 hadi 23, na joto la nyuzi 500 hadi 550 tu. Kilobari moja ni kama mzigo wa miamba yenye unene wa kilomita tatu na nusu, kwa hiyo jiwe lilishuka zaidi ya kilomita 55. Karibu na uso wa dunia, ndani ya bara la kawaida, joto linaongezeka kwa nyuzi 25 ao 30 kila kilomita moja. Ni kweli kwamba mwendo huo unapungua kadiri unavyoshuka, lakini hata ukiupunguza sana, nyuzi 550 kwa kina kile ni baridi kabisa.

Kuna njia moja tunayoijua ya kupata baridi ya namna hiyo chini huko. Tupa samaki aliyetoka kwenye barafu ndani ya mafuta ya moto: ngozi inakaanga, lakini katikati bado ni barafu, kwa sababu moto haujapata muda wa kuingia. Bamba la dunia linalozama chini ya lingine linafanya vilevile. Linashuka haraka kuliko joto linavyoweza kulipenya. Leo majiwe ya shinikizo kubwa na joto dogo yanatengenezwa mahali hapo tu, mahali bamba moja linapozama chini ya lingine.

Ndiyo maana jiwe hili ni la maana hata kwa mtu asiyejali majiwe. Kuna mabishano makubwa na ya siku nyingi kuhusu lini mabamba ya dunia yalianza kutembea jinsi yanavyotembea leo. Wengine wanafikiri kwamba dunia changa ilikuwa kama sufuria yenye kifuniko kizima: chini kunachemka, juu hakuhami. Jiwe la Kasai linasema kwamba miaka miliari 2,1 iliyopita, angalau katika pembe hii, kifuniko kilikuwa kimekwisha kuvunjika vipande, na kipande kimoja kilikuwa kinazama bado baridi.

Lakini ushahidi huo wote unasimama juu ya tarehe. Kama tarehe ni mbaya, ama ni ya tukio lingine, hadithi nzima inaanguka. Basi tuingie kwenye saa yenyewe.

Saa tunayoitegemea kuliko zote ni zirkoni, madini madogo sana. Punje yake mara nyingi iko na ukubwa wa sehemu ya kumi ya milimita. Inapojijenga, inakaribisha atomu za uraniamu na kukataa atomu za risasi (nasema risasi ile metali, siyo ya bunduki). Kwa hiyo mwanzoni ndani yake kuna uraniamu, na risasi karibu hakuna. Halafu uraniamu inaanza kugeuka risasi, pole pole, kwa mwendo usiobadilishwa na joto wala shinikizo la miamba. Na kuna aina mbili za uraniamu. Ya 238 inachukua miaka miliari 4,47 ili nusu yake igeuke. Inaacha risasi ya 206. Ya 235 iko na haraka zaidi, miaka milioni 704 kwa nusu. Inaacha risasi ya 207.

Wale wenye kalkuleta, tufanye hesabu ya milioni 2089. Kati ya atomu 100 za uraniamu 238 zilizoingia ndani ya kristali siku ile, leo zimebaki 72 hivi. 28 zimekuwa risasi. Kati ya atomu 100 za uraniamu 235, zimebaki 13 tu. Hapa ndipo nguvu ya njia hii: ni saa mbili ndani ya punje moja, zinazotembea kwa mwendo tofauti. Zikitoa jibu moja, una sababu nzuri ya kuamini kwamba punje haikupoteza risasi njiani. Zikibishana, unajua kuna jambo lilitokea, maji ya moto yalipita, ao jiwe lilipashwa tena, na mara nyingine hata ubishi wenyewe unaweza kukupa tarehe ya hilo jambo.

Bon. Tatizo ni kwamba zirkoni ni ngumu kupita kiasi. Inaweza kuzaliwa ndani ya granite, granite ikaoza, mto ukaibeba, ikawa mchanga, mchanga ukawa jiwe, jiwe likazamishwa na kupikwa, na punje bado iko palepale na tarehe yake ya kwanza. Haifutiki kirahisi. Inachofanya ni kuvaa: juu ya kiini cha zamani unajengeka ukingo mpya, na ukingo huo uko na saa yake yenyewe. Ukiipiga punje kwa elektroni inang'aa, na unaona pete kama za mti uliokatwa. Kwa hiyo ukisaga jiwe zima na kupima kila kitu kwa pamoja, utapata namba ya katikati ambayo si ya kuzaliwa wala si ya kupikwa. Ni kama kuchukua mwaka ulipozaliwa na mwaka ulipooa, kujumlisha na kugawanya kwa mbili. Namba itatoka, tena nzuri, lakini mwaka huo hakuna kilichotokea. Ndiyo maana siku hizi wanatumia leza ao mwale wa ayoni kuchimba kashimo ka mikroni 20 ao 30, kiini peke yake, ukingo peke yake.

Na bado haitoshi. Tuseme umepata tarehe ya ukingo. Nani kakuambia kwamba ukingo ulijengeka jiwe likiwa chini, kwenye shinikizo kubwa, na siyo wakati wa kupanda? Hapa kuna hila moja ambayo mimi naipenda kuliko zote. Garneti inapokua, ni mlafi wa elementi fulani, kama lutesi na iterbi. Madini yanayokua jirani yake yanabaki na njaa ya elementi hizo. Feldispa nayo ni mlafi wa europi. Lakini kwenye shinikizo la eklojiti feldispa imekwisha kutoweka, hakuna wa kuila europi. Basi ukipima ukingo wa zirkoni ukakuta lutesi na iterbi ni kidogo sana, na europi haina pengo, unajua: wakati ukingo huu unajengeka, garneti ilikuwapo na feldispa haikuwapo. Yaani jiwe lilikuwa chini kabisa. Hapo tarehe inapata maana. Kabla ya hapo ilikuwa namba.

Kuna saa nyingine pia, na kila moja inaanza kuhesabu kwa joto lake. Fikiria mmezima mbabula: sufuria ya chuma kizito, sahani ya bati na kikombe cha plastiki, kila kimoja kinafika baridi kwa wakati wake. Monaziti, iliyo na uraniamu na toriamu, inashika risasi yake hata kwenye joto kubwa. Mika nyeupe inaanza kushika gesi ya argoni kwenye nyuzi 400 hivi, mika nyeusi kwenye 300 hivi. Garneti yenyewe inaweza kupimwa kwa lutesi inayogeuka hafini, na hiyo ni faida kubwa, maana garneti ndiyo inayobeba habari ya shinikizo. Ukipanga tarehe hizo zote pamoja, unapata mwendo: jiwe lilishuka lini, lilikaa muda gani, lilipanda haraka ama pole pole.

Turudi Kasai. Kati ya milioni 2216 na milioni 2089 kuna miaka milioni 130 hivi. Pengo hilo ndilo habari yenyewe. François na wenzake wanalisoma hivi: basalti ilizaliwa ndani ya bonde la ufa, bara likiwa linapasuka, jambo la aina ile inayoendelea leo chini ya maziwa yetu Kivu na Tanganyika. Bonde likapanuka. Halafu mwendo ukageuka, vipande vikaanza kurudiana, basalti ikaburutwa chini zaidi ya kilomita 55, kisha ikarudishwa juu. Kufunguka na kufungwa, mzunguko mzima. Wanajiolojia wanauita mzunguko wa Wilson, kwa jina la John Tuzo Wilson wa Kanada. Tarehe moja peke yake isingekuonyesha mzunguko. Zinahitajika mbili, na kila moja ijulikane ni ya nini.

Mwaka huohuo wa 2018, Dominik Loose na Volker Schenk nao walitoa makala kuhusu eklojiti za kusini ya Kameruni. Umri wake: karibu milioni 2090. Tazama ramani. Kasai na kusini ya Kameruni vyote ni vipande vya kratoni ya Kongo, lile gamba kuukuu lililo chini ya sehemu kubwa ya nchi yetu na majirani. Wakati ule upande wa São Francisco wa Brazili nao ulikuwa umeungana na huku, Atlantiki ilikuwa bado haijafikiriwa. Kumbe tunachoita kratoni, kitu tulichofundishwa kuwa kimetulia tangu zamani, chenyewe kilishonwa kwa migongano, na mishono yake bado inasomeka.

Wa Katanga wataniuliza: na kwetu? Kwenu mgongano ni wa juzi, miaka milioni 530 tu. Lile tao la Lufila, linalopita Kolwezi, Likasi na Lubumbashi kisha kuingia Zambia, lilijikunja wakati kratoni ya Kongo ilipokutana na kratoni ya Kalahari, Gondwana ikiwa inajengwa. Upande wa Zambia, Timm John, Schenk na wenzao walisoma majiwe ya aina mbili. Aina ya kwanza ni eklojiti zenye kemia ya sakafu ya bahari. Tarehe zake zinazunguka milioni 600, nyingine zaidi kidogo. Aina ya pili ni shisti nyeupe, zenye talki na kianiti, zilizopikwa kwa kilobari 13 hivi na nyuzi 750 hivi. Monaziti yake inatoa karibu milioni 530. Linganisha na Kasai: hapa shinikizo ni dogo zaidi na joto ni kubwa zaidi. Soma kwa mfuatano: kwanza kulikuwa na bahari, sakafu yake ikazama, makumi ya mamilioni ya miaka baadaye bahari ikaisha, na mabara yenyewe yakagusana na kubanana.

Na namba ya 530 inarudi tena mahali ambapo wachimbaji wanaijali. Madini ya uraniamu ya Katanga yalipopimwa moja kwa moja, katika kazi ya Sophie Decrée na wenzake ya mwaka 2011, yalitoa makundi mawili: karibu milioni 652 na karibu milioni 530. Kundi la pili linaangukia palepale kwenye mgongano. Mabara yanapobanana, maji ya moto yanasukumwa kupitia nyufa, yanayeyusha metali huku na kuziacha kule. Mtu anayetafuta metali Katanga bila kujua tarehe hizo anafanana na mtu anayetafuta maji bila kuuliza mvua ilinyesha upande gani.

Nimeacha Kibara mwisho kwa sababu ni hapo mabishano bado ni moto, tena ndani ya nyumba yetu. Ukanda wa Kibara unatoka Katanga, upande wa Mitwaba, na ndugu yake wa Karagwe-Ankole anapita Kivu, Rwanda, Burundi hadi kaskazini-magharibi ya Tanzania. Ni ukanda wa kasiteriti na koltani. Kazi ya kuupa tarehe ni ya siku nyingi. Lucien Cahen wa makumbusho ya Tervuren alikusanya tarehe za Afrika ya kati, na mwaka 1966 yeye na Norman Snelling walizitoa katika kitabu kizima. Kwa miaka mingi granite za Kibara zilipangwa kama ngazi: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja hatua ya mgongano.

Halafu zirkoni zikapimwa punje kwa punje. Mwaka 2010 Luc Tack na wenzake walionyesha kwamba upande wa Karagwe-Ankole sehemu kubwa ya granite hizo ni ya wakati mmoja, karibu milioni 1375, na kwamba zimeandamana na majiwe meusi yaliyotoka chini kabisa. Kwao hiyo ni alama ya bara linalovutwa na kupasuka, siyo linalogongwa. Granite za bati ni za baadaye sana, karibu milioni 986. Lakini Joseph Kokonyangi, aliyesoma granite za Mitwaba na kutoa makala mwaka 2004, anakubali umri wa karibu milioni 1380 na kuusoma kinyume: kwake ni granite za bamba linalozama na mgongano unaofuata. Tarehe ni moja, hadithi ni mbili zinazopingana. Hakuna mashine itakayowapatanisha kwa kuongeza tarakimu baada ya mkato, kwa sababu granite inaweza kuzaliwa wakati wa kuvutwa na wakati wa kugongwa pia.

Kwa maoni yangu, suluhisho halipo ndani ya granite. Granite inakuambia lini kulikuwa na majimaji ya moto. Ni jiwe lililopikwa bila kuyeyuka ndilo linakuambia lini kulikuwa na shinikizo. Kokonyangi mwenyewe alipata kwenye zirkoni za Mitwaba kingo za metamofizimu za karibu milioni 1080, karibu miaka milioni 300 baada ya granite. Kama hiyo ndiyo tarehe ya kubanana, swali la milioni 1375 linakuwa swali lingine kabisa.

Mashine za kupimia ni ghali, na sampuli nyingi za kwetu zinapimwa ng'ambo. Lakini labo inapima kile ilicholetewa. Uamuzi wa jiwe gani liokotwe, na kwenye mkunjo gani, unafanyika kwenye tereni, na mtu mwenye nyundo. Kwa hiyo wewe utakayepelekwa Mitwaba kwa ajili ya memwari yako, granite iko pale kubwa, nyeupe, rahisi kuvunja, na kila aliyekutangulia alichukua kipande. Ipite. Tafuta shisti pembeni yake, ile yenye vidoti vyekundu vya garneti. Andika mwelekeo wa mikunjo, na uangalie kwa lupa kama garneti ilikua kabla ya mkunjo, pamoja nao, ama baada yake. Piga alama ya juu na ya kaskazini kwenye sampuli kabla ya kuing'oa, maana ikifika ndani ya mfuko bila alama hizo, monaziti yake itatoa tarehe nzuri sana ya mkunjo ambao hakuna anayeweza tena kusema ulielekea wapi.